Daraja Lililokunywa Maji ya Mlima

"Tema hizo skrubu kwanza," Daktari Elinami Akyoo alisema.

Lomayani Ayo akainama, akatema skrubu tatu ndogo kiganjani, akacheka kwa aibu. Alikuwa fundi wa nyuki wa bati, vile vijidude vilivyopita kwenye mashamba ya nyanya vikibeba chavua toka ua hadi ua, tangu nyuki wa kweli walipoadimika. Kazi yake ilitaka mikono yote miwili, kwa hiyo kinywa ndicho kilichokuwa sanduku lake la zana. Skrubu alizishikia kwa meno, nyaya alizichuna kwa meno, na siku aliyojaribu kunyoosha pini ya chuma kwa gego la chini, gego likapasuka hadi kwenye mzizi. Lilikuwa limeng'olewa, pengo limepona, na leo alikuja kuwekewa daraja, jino la bandia la kuziba pengo.

Elinami akapitisha kalamu ya mwanga juu ya meno yake. Yalikuwa ya kahawia, kama ya karibu kila mtu aliyekulia upande huu wa Mlima Meru, ambako maji ya chemchemi yana floridi nyingi kuliko jino changa linavyoweza kustahimili. Hata ya Elinami mwenyewe yalikuwa hivyo. Picha ya kinywa ikasimama hewani juu ya kiti, na Mshauri, akili ya mashine iliyoongoza kliniki, akasema kwa sauti yake ya upole isiyo na haraka:

"Pengo moja. Meno mawili ya kubeba, yote mazima. Nyenzo: kauri hai. Tafadhali thibitisha."

Kuthibitisha kulikuwa kuweka dole gumba kwenye kioo. Huu ulikuwa mwaka wa kumi na moja tangu Mshauri aingie katika kliniki zote za nchi, na tangu hapo hapakuwa na daktari wa meno aliyechagua nyenzo kwa akili yake. Wala hakuna aliyelalamika. Zamani, madaktari walichagua kwa mazoea, au kwa kile kilichobaki kabatini, au kwa vile mgonjwa alivyovaa. Mshauri hakujali viatu vya mtu. Elinami alikuwa amethibitisha mamia ya mara, na mara zote alilala usingizi mzuri.

Leo dole gumba lilibaki mfukoni.

"Kuna nini, Daktari?"

"Nipe wiki mbili, Lomayani."

"Wiki mbili za nini? Mwalimu Kundaeli ulimwekea siku ile ile aliyokuja. Tena yeye ndiye aliyenituma."

"Najua."

"Basi mimi nimekosa nini?"

"Hujakosa kitu. Kuna jambo nataka kulihakikisha."

Lomayani akashuka kitini hajaridhika. Elinami alimsikia pale mlangoni akizirudisha skrubu mdomoni, moja baada ya nyingine.

*

Jambo lenyewe lilikuwa ndani ya kinywa cha Mwalimu Kundaeli Ndosi.

Mwalimu Kundaeli ndiye aliyemfundisha Elinami kusoma, darasa la kwanza, kwa fimbo nyembamba ambayo hakuna mtoto aliyewahi kuiona ikimgusa mtu. Sasa alikuwa na miaka sabini na mmoja, amestaafu, analima nyanya. Na yeye ndiye mtu wa kwanza katika kata nzima kuwekewa kauri hai, miezi kumi na minne iliyopita.

Madaraja ya zamani yalikuwa vitu vilivyokufa. Zirkonia ilikuwa imara lakini nyeupe mno. Kauri iliyopakwa juu ya chuma ilimeguka. Na zote mbili, katika kinywa cha kahawia, zilionekana kama kiraka cheupe kwenye shuka nyekundu ya rubega. Tena, ili zikae, daktari alilazimika kuyachonga meno mawili mazima ya jirani mpaka yabaki kama vijiti. Kauri hai haikutaka hayo. Iliwekwa ikiwa laini, juu ya meno yaliyokwaruzwa kidogo tu. Kisha vijidudu vilivyolazwa ndani yake viliamka, vikafyonza madini kutoka kwenye mate, vikaanza kujenga. Iliungana na meno hadi usijue jino limeishia wapi na daraja limeanzia wapi. Ikipata ufa, ufa ulijiziba. Na kwa kuwa ilikunywa maji yale yale waliyokunywa wenyeji, baada ya miezi mitatu iligeuka kahawia yenyewe, pamoja na vidoa.

Rangi hiyo ndiyo iliyowavuta watu. Jumapili moja, baada ya matangazo, Mwalimu alisimama mbele ya usharika akafungua kinywa, akasema, "Haya, nionyesheni lipi si langu." Walipanga foleni kumchungulia kama watoto, na hakuna aliyelitambua. Kuanzia wiki ile kliniki ilijaa. Elinami alikuwa ameshawawekea watu arobaini na mmoja, naye alimwambia kila mmoja wao maneno yale yale: "Hili halichakai, ndilo litakalokuzika."

Siku nne kabla ya Lomayani kuja, Mwalimu alikuwa amekalia kiti hicho hicho ili aangaliwe ufizi. Ufizi ulikuwa mzima. Lakini Elinami alipoinua kioo kidogo, aliona meno ya chini, yale yanayokutana na daraja wakati wa kutafuna. Vilele vyake vilikuwa vimekwisha. Yalikuwa bapa, yanang'aa kama sakafu iliyopigwa msasa, na katikati ya kila moja doa la manjano lilikuwa limeanza kuchungulia, lile tabaka la ndani ambalo gamba la jino limewekwa kulifunika. Akaita picha ya siku ya kwanza, akazilaza mbili pamoja. Nusu milimita ilikuwa imepotea. Meno ya mtu huliwa, hilo ni la kawaida, lakini kuliwa nusu milimita ni kazi ya miaka kumi na zaidi.

"Kuna tatizo, mwanangu?" Mwalimu aliuliza.

"Ufizi wako ni mzima kabisa, Mwalimu."

Halikuwa neno la uongo. Lakini halikuwa jibu la alichoulizwa.

*

Zuhura Mkilindi, fundi wa meno wa kliniki, alikuwa na mashine ya kutafuna ambayo hakuna aliyeigusa kwa miaka. Ilikuwa taya la chuma lenye vikombe vinne vya maji. Unaweka jino lililong'olewa chini, unaweka nyenzo juu, unaiwasha, nayo inatafuna mchana kutwa bila kushiba.

"Mshauri alipoingia waliniambia niitupe," Zuhura alisema akiifuta vumbi. "Nikasema, haidai chakula. Nikaiacha."

Walikuza vipande viwili vya kauri hai. Kimoja kilikuzwa kwenye maji yaliyochujwa yaliyoletwa kutoka mjini, kingine kwenye maji ya bomba la kijiji. Katika kikombe cha tatu Elinami aliweka zirkonia iliyong'arishwa. Kikombe cha nne kilibaki kitupu, Zuhura akaenda kwenye droo yake, akarudi na kofia ya jino ya dhahabu iliyotoka kinywani mwa mtu miaka mingi iliyopita.

"Hii nayo?"

"Kwa kulinganisha tu. Aliyenifundisha kazi alikuwa akisema dhahabu ina adabu. Jino likiliwa, nayo inaliwa. Haimshindi mwenzake."

Mashine ikatafuna wiki mbili. Ilipofika mtafuno wa laki mbili waliizima, wakakaa kupima. Kauri ya maji ya mjini ilikuwa imelichakaza jino kidogo, sawasawa na jino linavyochakaza jino. Zirkonia nayo hivyo hivyo. Dhahabu ilikuwa imebonyea kidogo yenyewe na jino la chini yake halikuwa na alama ya maana. Kauri ya maji ya kijiji ilikuwa haina mkwaruzo hata mmoja. Jino lililokuwa chini yake lilikuwa limeliwa karibu robo.

Zuhura akaligeuza lile jino kwenye mwanga. "Inakunywa maji yetu."

"Inakunywa floridi yake na haijui kutosheka," Elinami alisema. "Kila siku inazidi kuwa ngumu."

Katika siku hizo alikuwa amewaita watu wawili wengine kwa kisingizio cha kusafisha meno. Hali ilikuwa ile ile. Mmoja wao, Nasieku, alikuwa na miaka ishirini na minne tu.

*

Dokta Kihiyo, msimamizi wa kanda, alisikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza. Hakuwa mtu mbaya. Ndiye aliyemfundisha Elinami kushika patasi ya meno, na ndiye aliyepigania kliniki ya mlimani ijengwe wakati wengine walisema watu wa kule washuke mjini.

"Umepima vinywa vingapi?" aliuliza, uso wake ukielea juu ya meza.

"Vitatu. Na hii ya mashine."

"Vitatu. Nchi nzima tuna watu elfu sitini wenye kauri hai, na hatujapata lalamiko."

"Elfu sitini wanaokunywa maji ya Pwani na ya Ziwa, Dokta. Mshauri hajawahi kuonja maji yetu."

Kihiyo akasugua paji la uso. "Tuseme uko sahihi. Ukishawaambia, unawapa nini? Ukiisaga, inajijenga tena. Ukiitoa, inatoka na meno mawili iliyoshikana nayo. Watu arobaini na mmoja. Utang'oa meno themanini na mawili mazima kwa sababu ya vinywa vitatu?"

 Swali hilo Elinami alikuwa ameshajiuliza mwenyewe, akiwa jikoni, akiwa njiani, akiwa kanisani.

"Subiri mwaka," Kihiyo alisema kwa sauti ya baba. "Acha kuweka mpya, taratibu, bila tangazo. Tukusanye vipimo. Huenda watengenezaji wakapata dawa ya kuvilaza vijidudu vyake. Mgonjwa ukimpa hofu bila tiba, Elinami, umempa ugonjwa wa pili."

"Na kwa mwaka huo wanaendelea kutafuna."

"Wanaendelea kutafuna, ndiyo. Na wanalala."

Picha ikazimika. Elinami akabaki ameshika ukingo wa meza. Kilichomsumbua ni kwamba maneno ya Kihiyo yalikuwa na ukweli. Alijaribu kujiweka kwenye nafasi ya mgonjwa: je, angependa kujua kwamba kila tonge analomeza linamla, na hakuna la kufanya ila kupoteza meno leo au kuyapoteza kesho? Wakati mmoja alijibu ndiyo, na baada ya muda akajibu hapana. Mwishowe akatambua kwamba jibu lake halikuwa na kazi. Kinywa hakikuwa chake.

Akachukua mwavuli, akatoka.

*

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Mbona umekuja kwa miguu na mvua hii?"

Walikaa barazani. Nyuki wa bati walikuwa wamejikunyata chini ya paa la kibanda wakingoja mvua ikatike, na harufu ya majani ya nyanya ilijaa kila mahali. Elinami alikataa chai. Alieleza tangu mwanzo: kauri, maji, mashine, nusu milimita. Mwalimu alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa, kama alivyokuwa akisikiliza watoto wakisoma kwa sauti. Elinami alipomaliza, Mwalimu alipitisha ulimi polepole juu ya meno yake ya chini.

"Nilihisi yamekuwa laini," alisema. "Nikadhani ni uzuri." Kisha akauliza, "Umejua lini?"

"Siku kumi na tisa zilizopita."

"Siku ile uliponiambia ufizi wangu ni mzima?"

"Siku ile."

Mvua iliendelea. Mwalimu akanyoosha khanga magotini.

"Na likitolewa?"

"Linaondoka na meno mawili mazima. Ukiliacha, ya chini yatafika kwenye neva baada ya miaka sita, labda minane. Kwa umri wako, Mwalimu, mimi ningeliacha. Lakini si mimi wa kuamua."

"Hukuyasema haya siku ile ya kwanza."

"Sikuyajua."

"Sikusemi kwa kutokujua." Sauti ya Mwalimu ilikuwa imeshuka. "Ulisema litanizika. Hukusema, 'Mwalimu, mimi sijui, mashine ndiyo inayosema.' Ningekuelewa. Nimefundisha miaka thelathini na nane, najua tofauti ya mtoto anayejua na anayekariri. Kwako nilishindwa kuiona."

Elinami alitazama mikono yake.

"Nimesimama mbele ya watu nikafungua kinywa," Mwalimu aliendelea. "Nasieku alikuja kwa sababu yangu. Mama yake alikataa, mimi nikaenda kumbembeleza."

"Nakwenda kwao kesho. Nitakwenda kwa wote. Nilitaka kukuomba, kama ungeweza, tufuatane..."

"Hapana." Mwalimu akasimama. "Nenda mwenyewe, mwanangu. Mimi leo siwezi. Na usikae, mvua itaongezeka."

*

Alikwenda mwenyewe. Ilimchukua siku kumi na mbili kuzimaliza nyumba zote. Wengine walimshukuru kwa adabu na kumfungia mlango kwa adabu hiyo hiyo. Mzee mmoja alicheka, akasema ameshazika wake wawili, meno si kitu. Mwanamke mmoja alimwita muuaji, kisha akamkimbilia njiani kumpa mwavuli aliousahau.  Mama yake Nasieku aliketi akimtazama binti yake mpaka Elinami alipoondoka.

Siku ya tano Kihiyo alipiga. Hakupandisha sauti. Alisema kanda imesitisha kibali cha kliniki yake kutumia Mshauri mpaka uchunguzi ufanyike, kwani daktari aliyetangaza kwamba Mshauri amekosea hawezi kuendelea kujificha nyuma yake. Elinami alifikiri juu ya maneno hayo, akaona hayakuwa na kosa.

Basi Lomayani aliporudi kwa ajili ya pengo lake, hapakuwa na sauti ya kusema "tafadhali thibitisha". Palikuwa na kiti, taa, na Elinami aliyekuwa hajachagua nyenzo ya daraja kwa miaka kumi na moja.

Alianza kwa kuuliza. Anatafunia upande gani? Anasaga meno usingizini? Mkewe humwambia anasaga. Nyaya bado anachuna kwa meno? Bado. Meno ya juu yanayokutana na pengo yana nguvu? Yalikuwa na ufa mmoja mdogo. Akampangia vipande vya nyenzo mkononi, baridi, kila kimoja na uzito wake.

"Hii ni zirkonia. Haivunjiki kirahisi. Lakini lazima niyachonge meno yako mawili, na itakuwa nyeupe. Ikikwaruzika isipong'arishwa, itakula ya juu. Hii ni kauri juu ya chuma. Ina sura nzuri kidogo, ila kwa wewe unayesaga, itameguka. Na hii ni dhahabu. Nayo nitayachonga meno, ingawa kidogo kuliko zirkonia. Inaliwa pamoja na jino, kwa hiyo lile lenye ufa litasalimika. Ubaya wake unauona."

"Itang'aa."

"Ukicheka, watu wa ng'ambo ya bonde watajua."

Lomayani akaipima dhahabu kiganjani kwa muda mrefu. "Wewe ungeweka ipi?"

"Kwa kinywa hiki, dhahabu. Lakini ninaweza kukosea, Lomayani. Nataka ulijue hilo kabla sijachonga."

Lomayani akamtazama kwa mshangao, kama mtu aliyesikia paka akisema. Kisha akasema, "Dhahabu," na safari hii akafungua kinywa polepole.

*

Nasieku alikuja wiki ya tatu, ameandamana na mama yake. Kazi ilichukua asubuhi nzima. Kauri ilikataa kila patasi, na Elinami alipoinua vipande vya mwisho, meno mawili yaliyokuwa mazima yalitoka nayo kama mizizi inavyotoka na udongo. Msichana hakulia kitini. Alilia alipojitazama kwenye kioo, na Elinami alisimama kando yake bila kumwambia kwamba mambo yatakuwa sawa, kwa sababu hakujua.

Siku mbili baadaye Mwalimu Kundaeli aliingia. Alikuwa na daftari la mistari na penseli iliyochongwa kwa kisu. Hakukaa kwenye kiti cha wagonjwa. Alivuta kigoda cha Zuhura, akakikalia kando ya meza.

"Watu wanakuja kwangu," alisema bila salamu ndefu. "Wanauliza, 'Mwalimu, wewe umefanyaje?' Nawaambia sijui. Wananiangalia."

"Pole, Mwalimu."

"Pole haiwasaidii. Kuna mmoja anataka kulitoa kwa plaisi. Mwingine ameacha kula vigumu, amekonda. Wote wanataka waambiwe kitu kimoja, toa au acha, na mimi naona si kitu kimoja." Akafungua daftari. "Nasieku amefanyaje?"

"Tumelitoa juzi. Ana miaka ishirini na minne. Ya chini yangekwisha kabla hajafika thelathini na tano."

"Na yale mawili?"

"Yamekwenda."

Penseli ya Mwalimu ilisimama juu ya karatasi. Mama wa Nasieku alikuwa jirani yake wa shamba kwa shamba. Kisha akaandika jina la msichana juu ya ukurasa, kwa herufi zile kubwa za ubaoni.

"Haya. Nieleze moja moja, na nani linamfaa na nani halimfai. Polepole, mimi si daktari."

"Nianze na kauri hai?"

"Anza nayo. Na anza na mabaya yake. Mazuri tunayajua sote."

Elinami akavuta kiti chake karibu, akaanza. Mara mbili Mwalimu alimkatiza kwa sababu neno lilikuwa la kidaktari, na mara moja kwa sababu Elinami alisema "kwa kawaida" na Mwalimu akataka kujua kawaida ya wapi, ya maji yapi. Nje watu watatu walikuwa wamekwisha kukaa kwenye benchi. Walipofika mwisho, kurasa sita zilikuwa zimejaa. Mwalimu akazihesabu kutoka nyuma, akarudi kwenye ya kwanza, akaisoma yote tena kimya, midomo ikicheza.

"Langu liache," alisema. "Kila miezi mitatu unipime ya chini, uniambie nambari, hata kama ni mbaya."

"Hata kama ni mbaya."

Mwalimu akaandika jina lake chini ya jina la Nasieku, na mbele yake akaandika: *Nimeambiwa. Nimeamua kuacha.* Kisha akamgeuzia Elinami daftari na penseli, ili naye aweke sahihi.